Kimbunga kikishapita kisiwani, nani anahesabiwa?

Kimbunga kikipiga kisiwa, kabla hata barabara hazijafunguliwa utaanza kuona namba. Mara dola bilioni kadhaa, mara asilimia 90 ya mapaa, mara watu kadhaa hawajulikani walipo. Zinatoka haraka manake zinahitajika haraka, serikali inataka kuomba msaada, wafadhili wanataka kujua watoe kiasi gani, waandishi wanataka kichwa cha habari. Mimi haya mambo nayafuatilia sana, ripoti za tathmini nazisoma mpaka kule nyuma kwenye majedwali ambako wengi hawafiki, na kinachoniumiza ni kwamba ile namba ya kwanza ndo inayokaa. Mtu ambaye hakuonekana kwenye hesabu ya kwanza anakuja kukosa mabati, anakuja kukosa mkopo, anakuja kukosa kila kinachofuata, na wala hakuna aliyekaa akapanga kumnyima, ni fomu tu haikuwa na mahali pa kumwandika.

Utaratibu wenyewe umetoka mbali. Tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Amerika ya Kilatini na Karibi, ECLAC, ilianza kuujenga miaka ya 1970 baada ya tetemeko la Managua kule Nicaragua Desemba 1972, alafu mwaka 2008 Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia na Umoja wa Ulaya wakakubaliana kufanya tathmini za majanga kwa pamoja, ndo hizi zinaitwa PDNA. Ndani yake kuna hesabu tatu ambazo watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni uharibifu, yaani vitu vilivyovunjika, nyumba, daraja, nguzo za umeme. Ya pili ni hasara, yaani kipato ambacho hakitaingia kwa sababu vile vitu vimevunjika, hoteli imefungwa msimu mzima, shamba halina mazao. Ya tatu ni mahitaji, itagharimu nini kurudisha maisha, na kurudisha vizuri kuliko mwanzo ili upepo ujao usikute nyumba ile ile dhaifu. Hizo tatu hazilingani hata kidogo. Kibanda cha mbao kikianguka uharibifu unaandikwa dola chache, lakini aliyekuwa analala humo anahitaji nyumba nzima, sio hizo dola chache.

Chukua Dominica, kisiwa kimoja cha Karibi. Kimbunga Maria kilitua usiku wa tarehe 18 Septemba 2017 kikiwa daraja la 5, ambalo ndo la juu kabisa, waziri mkuu mwenyewe Roosevelt Skerrit akaandika Facebook usiku ule ule kwamba paa la nyumba yake limeondoka. Kulipokucha milima iliyokuwa kijani imekuwa ya kahawia, miti haina jani hata moja. Zaidi ya asilimia 90 ya mapaa yaliharibika au kung'oka kabisa, watu 65 walikufa au hawakuonekana tena, na hii ni nchi ya watu kama 70,000 tu. Tathmini ikaja na uharibifu wa dola milioni 931 na hasara ya dola milioni 380, ukijumlisha unapata asilimia 226 ya pato la taifa la mwaka uliotangulia. Yaani kila walichozalisha nchi nzima kwa mwaka, mara mbili na zaidi, kimeondoka usiku mmoja. Na walikuwa bado hawajapona, dhoruba Erika ya Agosti 2015 ilikuwa imeshaondoka na kitu sawa na asilimia 90 ya pato la taifa.

Nchi kubwa ikipigwa pwani, bara kunabaki na umeme, na mafundi, na hospitali, na magari yanayoweza kushusha mahitaji. Kisiwa kidogo hakina bara. Bandari moja ikiziba na uwanja wa ndege mmoja ukijaa maji basi mmefungwa ndani. Na wale wanaotakiwa kwenda kuhesabu madhara, afisa kilimo, mwalimu, mtu wa halmashauri, nao wamelala kwenye mvua na watoto wao. Ndo maana CDEMA, lile shirika la nchi za Karibi la dharura lenye makao Barbados, huwa linaleta timu kutoka visiwa jirani ambavyo havikuguswa. Hili mimi naliona la maana sana, mtu kutoka kisiwa cha pili anajua nyumba za huku zinajengwaje, anajua kuuliza, na usiku hana paa lake mwenyewe la kuliwazia.

Kabla ya miguu huwa zinatangulia satelaiti. Copernicus, mpango wa satelaiti wa Umoja wa Ulaya, inatoa ramani ndani ya muda mfupi, kila jengo limepakwa rangi kutokana na picha za juu, na kazi ile ni nzuri sana siipingi, bila ile hujui helikopta ishuke wapi kwanza. Ila picha ya juu inaona paa. Nyumba ambayo paa limebaki lakini maji yalipanda mpaka madirishani, godoro, friji, madaftari ya watoto, nyaya za umeme zote zimelowa, kutoka juu hiyo nyumba ni nzima. Na nyumba ambayo wenyewe wamewahi kutandika turubai inaweza kuonekana haina tatizo kubwa. Kwaiyo ramani ikuonyeshe pa kuanzia, usiichukue ndo majibu yenyewe.

Dominica walifanya kitu ambacho ningependa kila kisiwa kikifanye. Wizara na watu wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walituma vijana na mafundi wenye tableti, nyumba kwa nyumba, kila jengo likawekewa rangi, kijani, njano, chungwa au nyekundu kulingana na lilivyoumia. Sasa hebu fikiria kijana amesimama mbele ya nyumba isiyo na paa. Kuandika kwamba paa limeondoka hata satelaiti ingeweza. Yeye anaingia ndani anaangalia juu ya ukuta, zile kenchi zilikuwa zimefungwa na vyuma kwenye boriti ya juu au zilipigiliwa misumari tu? Bati limechanika kwenye skrubu, manake lilikuwa jembamba, au limeondoka na mbao zake, manake mbao ndo zilikuwa hazijashikwa? Paa la veranda lilikuwa limeunganishwa na paa kubwa? Kama liliunganishwa upepo uliingilia pale chini ukanyanyua lote kwa pamoja. Majibu ya hayo maswali machache ndo yanayokuambia ununue nini, umfundishe fundi nini, kiasi gani kiende kwenye mabati na kiasi gani kiende kwenye vyuma vya kufungia ambavyo ni bei rahisi mno ukilinganisha na nyumba nzima. Fomu ikiandika "paa limeharibika" peke yake, utaleta meli ya mabati, watayapigilia vile vile kama zamani, na kimbunga kijacho kitayachukua tena.

Alafu kuna swali la nyumba ni ya nani, hapa ndo watu wengi wanapotelea.

Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, kilipigwa na Maria ile ile siku mbili baadaye, tarehe 20 Septemba. Kule familia nyingi zinakaa kwenye nyumba za urithi, babu alijenga, akafa, watoto wakabaki, wajukuu wakaongeza chumba, hati haijawahi kubadilishwa jina na pengine haijawahi kuwepo. FEMA, shirika la dharura la Marekani, lilikuwa linataka uthibitisho wa umiliki, na makumi ya maelfu ya maombi yakakataliwa kwa sababu hiyo. Nyumba ipo, mkaguzi ameiona haina paa, mama amesimama mlangoni ameishi pale maisha yake yote, lakini kwenye mfumo yeye sio mwenye nyumba. Ilikuja kuwa Septemba 2021 ndo FEMA ikalegeza taratibu na kupanua nafasi ya mtu kujiandikia tamko mwenyewe pale asipokuwa na karatasi nyingine. Miaka minne! Miaka minne mtu yuko chini ya turubai la bluu kwa sababu ya karatasi.

Barbuda, kisiwa kidogo kilicho nchi moja na Antigua, nayo ilikuwa na lake. Kimbunga Irma kilipita juu ya kile kisiwa tarehe 6 Septemba 2017, karibu majengo yote yakaumia, na kimbunga Jose kilikuwa kinakuja nyuma yake, ikabidi wakazi wote, watu kama 1,600 hivi, wahamishiwe Antigua. Kisiwa kizima kikabaki na mbuzi na mbwa. Uamuzi wa kuwaondoa ulikuwa sahihi, maisha kwanza. Lakini fikiria tathmini inayofanyika kwenye kijiji ambacho hakuna mtu wa kuuliza, unapiga picha kuta, unaandika, mwenyewe yuko ng'ambo kwenye hosteli ya dharura na hajui umeandika nini. Na Barbuda ardhi ni ya wote, wanaimiliki kwa pamoja kama jamii, Sheria ya Ardhi ya Barbuda ya 2007 ilitamka hivyo, mtu hana hati binafsi ya kiwanja chake. Baada ya Irma serikali ikaanza kusukuma umiliki wa mtu mmoja mmoja ikisema ndo utawasaidia watu kupata mikopo ya kujenga, wakazi wengi wakaona hapa tunaondolewa kwenye ardhi yetu wakati tuko mbali. Mimi niko upande wao kwa hili. Mfumo wa ardhi wa watu haubadilishwi wakati wenyewe wako kambini, subiri warudi, wakae, wazungumze.

Na kuna wasiokuwa na ardhi kabisa. Kimbunga Dorian kilitua Abaco kule Bahamas tarehe 1 Septemba 2019 na upepo wa kilomita 295 kwa saa, kikaenda kusimama juu ya kisiwa cha Grand Bahama zaidi ya siku nzima hakitaki kuondoka. Marsh Harbour, mji mkubwa wa Abaco, kulikuwa na makazi mawili, the Mudd na Pigeon Peas, vibanda vya mbao vimebanana, wengi waliokaa pale wenye asili ya Haiti na baadhi hawana vibali. Yalisambaratika yote. Tathmini ya ECLAC na benki ya maendeleo ya IDB ikatoa dola bilioni 3.4 kwa nchi nzima, Abaco ndo imebeba sehemu kubwa. Lakini kibanda cha kwenye eneo lisilo rasmi kinaingia wapi kwenye jedwali la nyumba? Na mtu anayeogopa kurudishwa kwao, atajitokeza kwa mwenye fomu aseme mimi nilikuwa nakaa hapa na mdogo wangu simuoni? Idadi rasmi ya waliokufa ilikuwa 74, na zaidi ya watu 200 wakabaki kwenye orodha ya wasiojulikana walipo. Kwa mazingira yale, ukitaka kuhesabu watu vizuri lazima kwanza utangaze wazi, kwa lugha yao, kwamba karatasi ya tathmini haitakwenda uhamiaji, na uilinde hiyo ahadi kweli kweli. Bila hivyo orodha yako ina mashimo na unajua ina mashimo.

Vifo navyo ni hesabu inayobadilika. Puerto Rico kwa miezi mingi namba rasmi ilikuwa 64. Hao walikuwa wale wa ukuta kuanguka, mafuriko, mti. Agosti 2018 utafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington, ambao serikali ya Puerto Rico yenyewe iliuagiza, ukakadiria vifo 2,975 vya ziada kuanzia Septemba 2017 mpaka Februari 2018, na serikali ikaikubali ile namba. Tofauti hiyo ni nini? Ni mzee wa oksijeni ambaye umeme umekatika, ni wa figo ambaye hawezi kufika kusafishwa damu, ni insulini iliyoharibika kwa kukosa ubaridi, ni barabara iliyofunikwa na udongo gari la wagonjwa halipiti. Umeme kule ulichukua karibu mwaka kurudi kwa wateja wa mwisho. Kwaiyo tathmini ya umeme ilikuwa ni tathmini ya afya, na anayejaza fomu ya nguzo na transfoma angetakiwa kuuliza swali moja zaidi kwenye kila mtaa, nani hapa anaishi kwa mashine?

Maji pia yana ujanja wake. Visiwa vya chini vyenye mwamba wa chokaa kama Bahamas, maji baridi ya ardhini yanakaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya chumvi. Bahari ikipanda juu ya nchi ikakaa, chumvi inashuka chini na kuliharibu lile tabaka. Grand Bahama bomba zilirudi kutoa maji lakini watu waliendelea muda mrefu na maji yasiyofaa kunywa. Kwenye fomu, mfumo wa maji unaonekana umerudi kazini. Kwenye jiko, bado ni chupa na tangi.

Tuje kwenye riziki, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo panaporukwa sana. Mvuvi boti yake imepasuka, inaandikwa boti moja, bei fulani. Sawa. Lakini boti ilikuwa na injini, na injini inaweza kuwa ilikuwa bado inalipiwa. Alikuwa na madema kumi na kitu baharini, yote yameondoka na hakuna picha yake. Samaki alikuwa anamuuzia mama mwenye friza sokoni, umeme haupo, friza limeoza. Yule mama alikuwa anapeleka hotelini, hoteli imefungwa. Ukimpa mvuvi boti mpya leo atavua, alafu? Hana barafu, hana mnunuzi. Ndo maana nasema hitaji linatafutwa kwa kumfuata samaki kutoka baharini mpaka sahani, uone wapi pamekatika. Na yule mama mwenye friza mara nyingi hana leseni, hayupo kwenye orodha ya wavuvi wala ya wafanyabiashara, na ndo alikuwa anasomesha watoto.

Mashamba ndo zaidi. Grenada, kisiwa kingine cha Karibi, ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga baada ya Indonesia. Kimbunga Ivan kilipopita Septemba 2004 kiliua watu 39, kikaharibu nyumba karibu 9 kati ya 10, gharama ikawa kama mara mbili ya pato la taifa, na sehemu kubwa kabisa ya miti ya kungumanga ikalala chini. Mti wa kungumanga unachukua miaka kadhaa kabla haujazaa, na zaidi kufikia kuzaa vizuri. Mkulima wa miaka 60 anapanda leo avune lini? Ukimhesabia hasara ya msimu mmoja umemdanganya yeye na umejidanganya wewe. Wengi hawakurudi kwenye kungumanga kabisa.

Na kuna hasara zinazotokea baada ya ripoti kufungwa. Dominica ilikuwa na chuo kikubwa cha udaktari cha Kimarekani, Ross University, wanafunzi wanapanga vyumba, wanakula kwa akina mama, wanapanda daladala za kule. Tathmini ya Maria ilitoka mwisho wa 2017. Mwaka 2018 chuo kikatangaza kinahamia Barbados moja kwa moja. Waliokuwa wamejenga vyumba vya kupangisha, labda hata paa lao halikuguswa na wakapewa rangi ya kijani, ghafla hawana mpangaji. Hawa walipigwa na kimbunga mwaka mzima baada ya kimbunga, na hakuna tableti iliyorudi kuwauliza.

Kuhusu hela sitakaa sana ila kuna jambo moja watu walijue. Karibi tangu 2007 wana mfuko wa bima wa pamoja, CCRIF, ambao haulipi kwa kusubiri tathmini, unalipa kwa vipimo vya kimbunga chenyewe, na hela inatoka ndani ya siku 14. Kimbunga Beryl kilipoilaza Carriacou, kisiwa kimoja cha Grenada, tarehe 1 Julai 2024, Grenada ilipata kama dola milioni 44 kutoka huko, na ikatumia pia kile kipengele cha kwenye mikataba yake ya madeni kinachoruhusu kusimamisha malipo kimbunga kikipiga. Hilo ni jambo kubwa, hela ya mishahara na vifusi inapatikana wakati tathmini inaendelea taratibu. Ila vipimo navyo vina ukatili wake, Beryl hiyo hiyo ilipopita pembeni ya Jamaica dhamana yao ya majanga, yaani hela ya wawekezaji inayolipwa kwa nchi pale tu kimbunga kikifikia vipimo vilivyoandikwa, haikulipa hata senti kwa sababu mgandamizo wa hewa haukushuka kufikia kiwango cha mkataba, wakati watu wa kusini mwa kisiwa mapaa yao yameondoka. Kimbunga Melissa kilipoipiga Jamaica tarehe 28 Oktoba 2025, daraja la 5, ile dhamana ikalipa zote, dola milioni 150. Makadirio ya uharibifu ya Benki ya Dunia na IDB yakasema dola bilioni 8.8.

Hayo ni makadirio ya haraka, yametengenezwa kwa modeli na picha, na yanafaa kwa kazi ya haraka. Ninachokitaka mimi kwa St. Elizabeth na Westmoreland, zile wilaya za Jamaica, ni kinachofuata. Orodha za nyumba zibandikwe mahali pa wazi, shuleni, kanisani, dukani, mtu aone jina lake na rangi aliyopewa, na awe na wiki kadhaa za kusema hapana mmekosea, au mimi mmeniruka. Mpangaji aandikwe kivyake na mwenye nyumba kivyake. Mwenye kibanda kwenye ardhi isiyo yake aandikwe. Na wale wale vijana wenye tableti warudi baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka, kwenye milango ile ile, waulize nani bado yuko chini ya turubai, nani ameuza injini ale, mtoto gani hajarudi shule. Bajeti ya hiyo ziara ya pili iwekwe sasa hivi, kwenye ombi la kwanza kabisa la hela, kwa sababu miezi sita ikipita kamera zimeshaondoka na hakuna atakayetoa.